Tathmini ya huduma ya ukaguzi wa sanamu kubwa ya nje: chuma kilikaguliwa, upepo ukaachwa bila mwenyewe

Kwa muda wa miezi minane nilikuwa mratibu wa kamati iliyosimamisha sanamu ya chuma na kitambaa yenye urefu wa mita 11 katika uwanja wa wazi unaopitwa na watu mchana na usiku. Katika muda huo tuliajiri kampuni ya wahandisi itukagulie usalama wa kazi hiyo, kuanzia michoro hadi siku ya kuifungua kwa umma. Kampuni hiyo sitaitaja kwa jina, kwani nia yangu ni kuipima huduma yenyewe, ili yeyote anayetaka kuajiri wakaguzi wa aina hii ajue cha kudai kabla ya kutia saini. Hukumu yangu naiweka hapa mwanzoni: katika kukagua chuma, zege na bolti, watu wale ni hodari kweli kweli, na nimejifunza kwao mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria, lakini katika usimamizi, yaani kusema nani atafanya nini sanamu ikishasimama na hali ya hewa ikigeuka, walituacha mikono mitupu, na upungufu huo ungeweza kumuumiza mtu.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana ukaguzi hupimwa kwa kile kinachokaguliwa. Nguzo 3 za bomba la chuma zimesimama zikiinamiana, kila moja ikiwa imechomelewa kwenye bamba nene lililofungwa kwa bolti 8 juu ya msingi wa zege, na katikati yake kumetandazwa kitambaa cha wavu chenye eneo la mita za mraba 60, ambacho huvutwa na nyaya za chuma na kushushwa kwa winchi ya mkono. Watu hupita chini yake, hukaa kivulini mwake, na watoto hukimbia kuzizunguka nguzo. Ukitazama kwa mbali utaona tanga la jahazi, na hivyo ndivyo msanii alivyokusudia. Mkaguzi naye aliona tanga vilevile, ila aliona tanga lisilo na jahazi la kusukuma, ambalo nguvu yote inayolisukuma haina budi kushuka kwenye nguzo, kwenye bolti, mpaka ardhini.

Siku ambayo sitaisahau ni ile ya ukaguzi wa viungo vilivyochomelewa, iliyofanyika karakanani kabla chuma hakijapakwa rangi. Sharti hilo la kabla ya rangi waliliandika wao wenyewe katika mkataba, nami nawasifu kwa hilo, kwa sababu rangi husitiri mengi. Mkaguzi, mama mmoja wa makamo ambaye sote tulimwita Mhandisi, alikisafisha kiungo cha chini cha nguzo ya kwanza kwa brashi ya waya na dawa ya kuondoa mafuta, akapulizia wino mwekundu, akatazama saa yake, akasubiri. Baada ya dakika zipatazo 15 aliufuta wino wote kwa kitambaa safi mpaka chuma kikarudia rangi yake, kisha akapulizia unga mweupe uliotanda kama chokaa. Kwa muda hapakuonekana kitu. Halafu, pembeni kabisa mwa mshono, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kama unywele, usiozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Fundi aliyekuwa amechomelea kiungo hicho akainama, akautazama.

"Mhandisi, huo ni mkwaruzo wa grainda tu," akasema.

"Ungekuwa mkwaruzo, fundi wangu, wino ungekuwa umekwisha. Hebu tazama tena."

Na kweli, jinsi tulivyouangalia ndivyo mstari ulivyozidi kunenepa, kwa maana wino uliokuwa umejificha ndani ya ufa ulikuwa ukifyonzwa na ule unga. Fundi hakubisha tena. Aliuchimba ufa kwa grainda mpaka ukaisha, pakapimwa tena kwa wino kuhakikisha kwamba haukubaki mzizi, akachomelea upya, na siku iliyofuata kiungo kikakaguliwa kwa mara ya tatu kwa njia ileile. Viungo vya mabamba manene walivipima pia kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu wino huona tu ufa uliofika juu, hauwezi kueleza kilichomo ndani. Kazi hiyo iliwachukua siku 2 nzima, na sikuona hata kiungo kimoja kikirukwa kwa sababu kilikuwa pahali pagumu kufikika.

Nilimuuliza Mhandisi kwa nini ufa mdogo namna ile uwe na uzito mkubwa katika nguzo nene kama ile, naye akanieleza bila kunidharau. Chuma hakivunjiki kwa tufani peke yake, huchoka. Upepo unapopita kando ya nguzo ya mviringo humwaga vimbunga vidogo kwa zamu, upande huu kisha upande ule, na zamu hizo zikilingana na mtikisiko wa asili wa nguzo, nguzo huanza kuyumba hata kama upepo wenyewe ni wa kawaida. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 20 ambalo kwa asili yake hutikisika mara 5 kwa sekunde hufikia hali hiyo kwenye upepo wa takriban mita 5 kwa sekunde, upepo ambao watu hutoka nje kwenda kuupunga. Kila mtikisiko huufungua ule ufa kidogo na kuufunga, mara elfu kwa elfu, hadi siku chuma kilichobaki kinaposhindwa kubeba.

Yaliyotokea Manchester, Uingereza, yanatosha kuonyesha kwamba hofu hiyo si ya vitabuni tu. B of the Bang, sanamu iliyobuniwa na Thomas Heatherwick kwa kumbukumbu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2002, ilikuwa na urefu wa mita 56 na miiba 180 ya chuma iliyochomoza kila upande. Ncha ya mwiba mmoja ilidondoka siku 6 tu kabla ya uzinduzi wa Januari 2005, miiba mingine ikaonekana kuwa na kasoro na kulazimika kuondolewa, shauri la halmashauri ya jiji dhidi ya waliohusika na ujenzi likamalizwa nje ya mahakama kwa pauni milioni 1.7, na mwaka 2009 sanamu yenyewe ikabomolewa. Nikilinganisha na sanamu ya Angel of the North ya mchongaji Antony Gormley, iliyosimama Gateshead tangu 1998 ikiwa na mabawa ya mita 54, juu ya nguzo za msingi zilizoshuka mita 20 ardhini na kwa usanifu unaokusudia upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, naona kwamba ukubwa wenyewe hauna hatia. Tofauti iko katika hesabu iliyofanywa mapema na viungo vilivyotazamwa kwa jicho kali.

Katika suala la bolti pia niliridhika. Kila nati ilikazwa kwa spana yenye kipimo, kisha ukachorwa mstari wa rangi ya manjano unaovuka nati na bolti kwa pamoja, ili mtu yeyote, hata asiye fundi, aweze kuona nati ikisogea. Ni jambo dogo na halihitaji mashine yoyote, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote waliyotuachia. Walikataa vilevile bolti za chuma kisichoshika kutu ambazo mkandarasi alitaka kuzigusisha moja kwa moja na mabamba yaliyopakwa zinki, wakadai pawekwe pete bapa (washa) na mirija ya plastiki ya kuzitenganisha. Mkandarasi alilalamika kwamba wanachelewesha kazi. Hata hivyo metali 2 tofauti zikigusana penye unyevu, moja huila nyingine, na ushahidi mkubwa wa hilo ni Sanamu ya Uhuru ya New York: ngozi yake ya shaba ilishikiliwa na mbavu za chuma, kitenganishi kilichowekwa kati yake kikachakaa, mbavu zikashika kutu na kuvimba mpaka zikang'oa ribiti, na katika ukarabati wa miaka ya 1984 hadi 1986 mbavu hizo zikabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1886. Ilichukua karibu karne nzima kasoro iliyokuwa imejificha nyuma ya shaba kushughulikiwa, na sisi hatukuwa na sababu ya kuirudia kwa kuokoa siku 3 za kazi.

Bolti za msingi walizijaribu kwa kuzivuta kwa jeki mpaka kwenye mzigo waliouandika kabla, nazo zote zilishika. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu watu watakavyoitumia sanamu, walifikiria zaidi ya nilivyotarajia. Walipima nafasi kati ya nyaya na nguzo ili kichwa cha mtoto kisinase, wakadai kishikio cha chini cha waya kipandishwe juu kisiwe ngazi ya kukwea, na walipoambiwa kwamba patakuwa na kibao cha kukataza kupanda, Mhandisi alijibu kwamba kibao hakimshiki mtoto mkono. Ni kweli, na hata watu wazima hawashikiki. Mwaka 1971 maonyesho ya msanii Robert Morris katika jumba la sanaa la Tate Gallery, London, yaliyowaalika wageni kupanda, kuvuta na kusukuma vitu vya mbao na chuma, yalifungwa baada ya siku chache tu kwa sababu watu walikuwa wakiumia; yalipofanywa upya mwaka 2009 katika Tate Modern vifaa vilikuwa vimetengenezwa kwa uangalifu mwingine kabisa. Na katika jengo hilohilo, Oktoba 2010, kazi ya msanii Ai Weiwei yenye mbegu milioni 100 za kauri, ambayo watu walialikwa kuikanyaga, ilizuiwa kukanyagwa ndani ya siku chache kwa sababu ya vumbi lililokuwa likitimka. Muundo wa aina hiyo hauna cha kuanguka, lakini bado ulikuwa na la kukaguliwa, yaani kile ambacho mgeni anakivuta puani.

Sasa nifike penye lawama.

Hesabu ya upepo waliifanya, tena vizuri. Nguvu ya upepo haikui sawa na kasi yake; kasi ikiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 4. Kwa mita 10 kwa sekunde, upepo husukuma takriban kilo 6 kwa kila mita ya mraba, na kwa kitambaa chetu, kama kingekuwa hakipitishi hewa, hizo ni kilo 370 hivi. Kwa mita 20 kwa sekunde inakuwa tani 1.5, na kwa mita 30, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, inapita tani 3. Wavu hupunguza mzigo huo kwa kupitisha hewa, lakini ukilowa mvua au ukinasa majani hupunguza kidogo kuliko unavyotegemea. Yote haya yamo katika ripoti, yamepangwa kwa majedwali yanayosomeka. Na katika ukurasa wa 33 kati ya kurasa 41, katikati ya aya inayozungumzia kitu kingine, pana sentensi hii: kitambaa kishushwe upepo unapozidi mita 15 kwa sekunde.

Kishushwe na nani? Nani atajua kwamba upepo umezidi mita 15, na atajulia wapi, ikiwa kipima upepo hakikutajwa popote katika orodha ya vifaa? Kinachukua dakika ngapi kushuka, na kwa hiyo inapasa kuanza kukishusha upepo ukiwa bado mita ngapi? Waliomo chini wataondolewa na nani, na huyo mtu ana mamlaka gani ya kufunga uwanja ikiwa kuna shughuli inaendelea na mgeni rasmi amekwisha kaa? Sentensi haikuwa na mtenda. Ilikuwa na namba sahihi kabisa, na haikuwa na mtu.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliisoma nikaipita, na cheti kilipotolewa tulikitia kwenye fremu. Wiki ya tano baada ya kufungua, saa 11 jioni, mlinzi wa uwanja alinipigia simu. Ni mzee mtulivu, hapigi simu ovyo.

"Mwanangu, hizi nyaya zinalia," akaniambia, nami niliusikia mlio huo ndani ya simu, sauti moja ndefu kama ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

"Mzee, chini pana watu?"

"Wapo. Mvua imeanza, wamekuja kujikinga."

Nilimwomba awaondoe, naye akawaondoa kwa upole na kwa kupaza sauti, ingawa baadhi walimbishia kwamba yeye si mwenye mamlaka na kwamba kitambaa kimekaguliwa, kibao kinasema hivyo. Mkono wa winchi ulikuwa umefungiwa katika sanduku, ufunguo alikuwa nao fundi wa mkandarasi, na fundi alikuwa kwenye kazi nyingine mbali. Mpaka anafika, anafungua, anaanza kuzungusha, ilikuwa imepita karibu saa nzima. Katikati ya muda huo ukingo wa kitambaa ulichanika, kiungo kimoja cha kufungia waya kikaachia, na waya ukapiga sakafu pale walipokuwa wamesimama watu. Alama yake bado ipo kwenye mawe, mchirizi mweupe wa urefu wa hatua 2.

Nguzo hazikutikisika. Bolti hazikusogea. Kila kitu walichokikagua kilishika kama walivyosema, na hilo ndilo lililonifanya nione wazi mpaka wa huduma tuliyoinunua. Nilipowaandikia, jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba taratibu za uendeshaji haziko ndani ya kazi waliyopewa, ambayo ni ya muundo. Kwa maneno ya mkataba walikuwa sahihi. Kwa kazi yenyewe sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu muundo wenye kitambaa kinachopaswa kushushwa ni muundo ambao sehemu yake moja ni mtu. Ukimwondoa mtu huyo kwenye hesabu, hesabu haijakamilika, kama ambavyo isingekamilika ukiondoa bolti.

Historia ya sanaa hizi inaonyesha kwamba pengo hilo ndimo watu wanamofia. Tarehe 23 Julai 2006, huko Chester-le-Street kaskazini mwa Uingereza, kazi ya msanii Maurice Agis iitwayo Dreamspace, jumba la vyumba vya plastiki vilivyojazwa hewa ambalo watu waliingia ndani yake, lilikatika kutoka kwenye kamba zake, likapaa hewani na watu wakiwamo. Wanawake 2 walifariki na wengine wakajeruhiwa, akiwamo mtoto mdogo. Msanii, halmashauri ya wilaya iliyokuwa mwenyeji, na taasisi iliyoandaa maonyesho wote waliwajibishwa mahakamani chini ya sheria ya afya na usalama kazini na kutozwa faini. Kila ninapofikiria kwamba walikuwa pande 3 na wote wakawajibishwa, huona kwamba pande 3 zinaweza kusimama kuzunguka kitu kimoja na bado kamba zikakosa mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu sisi pia tulikuwa pande 3: kamati, mkandarasi na mkaguzi, na ule mkono wa winchi ulikuwa umefungiwa sandukuni.

Miaka 15 kabla ya hapo, wasanii Christo na Jeanne-Claude walikuwa wamefungua miavuli mikubwa 1,340 ya buluu nchini Japani na 1,760 ya manjano California, kila mmoja ukiwa na kimo cha mita 6 na upana wa zaidi ya mita 8. Tarehe 26 Oktoba 1991 upepo mkali uling'oa mwavuli mmoja California ukamuua mwanamke aliyekuwa amekuja kutazama, na Christo akaagiza miavuli yote ifungwe pande zote mbili za bahari. Agizo lilitoka kwa mtu mmoja na likatiiwa, jambo ambalo linaonyesha kwamba mamlaka ya kufunga yanaweza kuwapo. Ila lilitoka baada ya kifo. Na siku chache baadaye, wakati wa kuondoa miavuli huko Japani, mfanyakazi mmoja alikufa kwa umeme mkono wa kreni ulipogusa waya wa umeme mkubwa.

Kifo hicho cha pili kinanipeleka kwenye lawama yangu nyingine, ambayo naona kampuni nyingi za ukaguzi zingestahili kuisikia. Mkataba wao ulihusu sanamu iliyosimama. Walikagua vipande karakanani, kisha wakaja tena kreni ikiwa imekwisha ondoka, na siku ile nguzo zilipokuwa zikining'inia, mafundi wakiwa chini yake wakiongoza bamba kwenye bolti kwa mikono, hapakuwa na mkaguzi hata mmoja. Tulipouliza, tuliambiwa hilo ni la mkandarasi. Lakini vifo vya watu wanaotengeneza na kusimamisha kazi hizi vinajulikana. Mwaka 1971, katika kituo cha Walker Art Center huko Minneapolis, mfanyakazi aliuawa na bamba la chuma la kazi ya mchongaji Richard Serra wakati ikisimamishwa. Mwaka 1988 kazi nyingine ya Serra iliwaangukia wafanyakazi 2 katika jumba la sanaa la New York na kuwajeruhi vibaya. Mwaka 2006 mchongaji Luis Jiménez alikufa ndani ya karakana yake mwenyewe, baada ya kipande cha farasi wake wa buluu, aliyekuwa akimtengenezea uwanja wa ndege wa Denver, kumwangukia mguuni na kukata mshipa mkubwa. Kipande ambacho kitakuwa imara kabisa kikishafungwa kwa bolti 8 hakina uimara wowote kikiwa kimefungwa kwa bolti 2 na kamba, na saa hiyo ndiyo inayohitaji jicho la mtu asiye na haraka ya kumaliza. Fundi wetu mmoja alitoka siku ile na kidole kilichobanwa. Alicheka, akasema ni kawaida ya kazi, lakini kwangu haikuwa kawaida.

Kwa upande wa uadilifu sina lawama. Walikataa kulipwa kupitia kwa mkandarasi, wakisema kwamba mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa hupoteza usingizi au hupoteza ukweli, na ankara zote zilikuja kwa kamati moja kwa moja. Walipoona kasoro waliiandika siku hiyohiyo na kutuma picha, hawakungoja ripoti ya mwisho. Lugha ya ripoti ni nzito kupita kiasi kwa wajumbe wa kamati wasio wahandisi, na nadhani ndiyo sababu sentensi ya ukurasa wa 33 ilitupita sote. Jambo linaloamua uhai wa mtu lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza, kwa maneno ambayo mlinzi anaweza kuyasoma kwa tochi usiku. Cheti nacho kina tarehe ya kutolewa, hakina tarehe ya kwisha, na hilo wanapaswa kulirekebisha kwa wateja wote, kwa sababu mtu akiona muhuri hudhani ni wa maisha.

Baada ya barua yangu ya pili, ambayo niliiandika kwa ukali zaidi na kuambatanisha picha ya ule mchirizi kwenye mawe, Mhandisi alikuja mwenyewe bila kudai malipo ya ziada. Alikaa na mzee mlinzi kwa muda mrefu kuliko alivyokaa nasi, akamuuliza anaona nini kwanza upepo unapoanza, akapima kwa saa muda wa kushusha kitambaa: dakika 12 kwa watu 2 wanaojua kazi, dakika 25 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo akashusha kikomo kutoka mita 15 hadi 11 kwa sekunde, ili kitambaa kiwe kimekwisha lala kabla upepo haujafika pale hesabu inapokataza. Akaandika ukurasa mmoja tu. Unasema nani anasoma kipima upepo na saa ngapi, nani anashika ufunguo wa winchi zamu ya mchana na nani zamu ya usiku, na kwamba mlinzi aliye zamu anaweza kufunga uwanja bila kumpigia mtu yeyote simu kwanza, hata kama kuna mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kamati alitia saini hapo chini. Ukurasa huo umebandikwa ndani ya mlango wa sanduku la winchi, na tangu hapo kitambaa kimeshushwa mara 4, mara zote kabla mvua haijaanza.

Je, nitawaajiri tena? Nitawaajiri, kwa masharti 3 ambayo nimekwisha waandikia nao wameyakubali: wawepo siku ya kreni, wakati wa kusimamisha na wakati wa kushusha, cheti kiwe na tarehe ya kwisha isiyozidi mwaka mmoja, na ukurasa wa mwenye mamlaka ya kufunga uandikwe kabla sanamu haijafunguliwa, uwe sehemu ya ripoti yenyewe. Kwa anayetafuta huduma kama hii, ningemshauri aombe kuona ripoti ya kazi nyingine waliyowahi kuifanya, afungue pale palipoandikwa kasi ya upepo, atazame kama pana jina au cheo cha mtu karibu na namba hiyo.

Jana asubuhi, katika mzunguko wake wa kila wiki, mzee mlinzi aliniita kwenye nguzo ya kaskazini akanionyesha bolti ya tatu. Mstari wa manjano umeachana, kiasi cha unene wa mstari wenyewe. Tumeshusha kitambaa na kuzungushia kamba, na Mhandisi anakuja Jumanne na spana yake.